Chuo ni cha nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ujumuishi vyuoni

Kila Oktoba simu yangu hupata kazi. Mzazi wa Kasulu anauliza binti yake asiyesikia atafuataje mihadhara. Kijana wa Tunduru anataka kujua kama ni kweli mkopo wanapata wenye ndugu serikalini. Mwingine hasemi shida yake, anazunguka mbuyu mpaka salio linakata. Nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa letu, kwa miaka mitatu, na kwa mihula miwili nilimwandikia mitihani mwenzangu asiyeona. Tangu hapo watu wanapeana namba yangu kana kwamba nina ofisi. Sina. Nimeandika hapa maswali yanayojirudia ili nami nipumzike kidogo. Mengi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko nilikosoma, ila Kenya na Uganda nimezigusa pale walipotutangulia au walipojikwaa kwa namna yao.

Ujumuishi ni nini hasa? Si ndio usawa huohuo?

Hapana. Chukua chumba cha mtihani. Ukimpa kila mtu karatasi ileile, umeleta usawa, na yule asiyeona amepata usawa wake kamili wa kukaa saa tatu mbele ya kitu asichokiona. Haki ni kumpa maswali yaleyale, kwa ugumu uleule, ila kwa nukta nundu au kwenye kompyuta inayosoma kwa sauti, na muda wa kumtosha. Ujumuishi ni hatua ya tatu: asilazimike kila muhula kwenda Utawala kuomba jambo hilohilo kama anayeomba fadhila. Likae kwenye utaratibu, kama vile kiti na meza vinavyokaa bila mtu kuviandikia barua.

Utofauti wenyewe hatuna haja ya kuutafuta. Kaa saa moja jioni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kujisomea, uhesabu lafudhi.

Haya si mambo ya Wazungu? Tena Marekani wenyewe wameanza kuyafuta.

Ni kweli kwamba Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi zilizowahusu Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, ilizuia vyuo kuangalia rangi ya mwombaji wakati wa udahili. Januari 2025 serikali ya Trump ikaanza kuvunja ofisi na programu za ujumuishi katika taasisi za serikali yake, na vyuo vingi vikafunga zao kwa kuogopa kukosa fedha. Ndugu zetu wanaosoma huko wanaliona hilo moja kwa moja.

Lakini ugomvi ule una historia yake, ya utumwa na ubaguzi wa rangi wa nchi ile. Sisi tulianza na letu mapema. Katika miaka ya 1970 Tanzania iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa, kwa sababu maeneo yaliyopata shule za misheni mapema yangezijaza zote na mengine yangebaki kutazama. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, rangi au hali yake ya maisha. Aliyeandika hayo hakuwa akimwiga mtu wa California. Kwa hiyo wakifuta kwao, kwetu njia ya kiti cha magurudumu bado inahitajika palepale ilipokuwa ikihitajika.

Je, ni haki msichana kuingia chuoni kwa alama za chini kuliko mvulana?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya ugomvi, basi nitalijibu kwa urefu.

Anza na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Ilipoanza mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi ya wavulana, na wito wake wa zamani uliwahimiza kuwa wanaume. Wanawake sita wa kwanza walipoingia mwaka 1945, wito ule ukabidi ubadilishwe. Hebu fikiria, chuo kizima hakikuwa na neno la kuwaambia nusu ya watu wa nchi. Mwaka 1990 Makerere ikaanza kumwongezea kila mwombaji wa kike alama 1.5. Wakati huo wanawake walikuwa takriban robo ya wanafunzi; mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamevuka asilimia 40.

Hapo ndipo watetezi huishia, na mimi nadhani ndipo mjadala unapoanza. Watafiti walipoangalia ni wasichana gani waliofaidika, walikuta wengi ni wa shule nzuri za mjini na maeneo ya kati ya Uganda, ambao wazazi wao walikuwa na uwezo. Binti wa Karamoja, eneo maskini la kaskazini mashariki, hakufika hata kwenye mstari ambapo alama 1.5 zingemsaidia. Nyongeza inayoangalia jinsia peke yake humbeba aliye karibu na mlango na kumwacha aliye mbali.

Tanzania tulipita njia nyingine, tena kwa kujikwaa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mtu afanye kazi angalau miaka miwili kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa kuwaondolea wasomi ubwana. Matokeo yake idadi ya wanawake ilishuka: binti akimaliza kidato cha sita akaambiwa akakae kazini kwanza, ndoa na watoto vinamfikia kabla ya barua ya udahili. Mwaka 1976 wanawake wakaondolewa sharti hilo. Sheria ile haikutaja jinsia popote, ilimtendea kila mtu sawasawa, na bado ikawaumiza upande mmoja. Ukitaka kumweleza mtu kwa nini usawa hautoshi, mpe mfano huu.

Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kozi fupi ya maandalizi kwa wasichana waliokosa kidogo alama za kuingia masomo ya sayansi. Wanakuja mapema, wanasoma, wanafanya mtihani, anayefaulu anaingia. Mimi nausifu zaidi utaratibu huu kuliko alama za bure, kwa sababu binti anaingia darasani akiwa na kitu kichwani na hakuna wa kumnyooshea kidole. Hata hivyo unagharimu fedha, na alama za nyongeza hazigharimu chochote. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya wakubwa kupenda alama.

Na wavulana?

Pale wanapoachwa nyuma, wahesabiwe nao. Katika baadhi ya kozi, uuguzi na ualimu wa awali kwa mfano, wao ndio wachache.

Nina ulemavu na nimepata chuo. Nianzie wapi?

Anza kabla ya kufika. Kwenye fomu ya maombi kuna sehemu ya kutaja ulemavu. Usiiache wazi kwa aibu, maana chuo hakiwezi kupanga kisichokijua. Ukipata barua ya udahili, piga simu ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi uulize mambo matatu tu: chumba changu kiko ghorofa ya ngapi, mihadhara ya mwaka wa kwanza iko majengo gani, na nani anayeshughulika na mitihani ya wenye mahitaji maalumu. Andika majina ya waliokujibu.

Kisha pata uthibitisho wa daktari, yaani fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Itakufaa chuoni na itakufaa kwenye mkopo.

Usiyeona: omba maelezo ya kozi mapema kwa nakala laini. Kama huna JAWS, programu ya kusoma skrini kwa sauti, NVDA ni ya bure na inafanya kazi nzuri. Mashine ya Perkins ya kuchapia nukta nundu ni nzito na ina kelele, ulizia kama chuo kinazo badala ya kubeba yako.

Usiyesikia: omba mkalimani wa lugha ya alama kwa maandishi, na omba mapema sana, kwa sababu ni wachache na mkalimani mmoja hawezi kutafsiri siku nzima bila kubadilishana na mwenzake. Kukaa mbele peke yake hakutoshi. Mhadhiri akigeukia ubao huku akiongea, umekosa yote.

Mwenye ualbino: watu hudhani tatizo ni jua tu. Jua lipo, na mafuta ya kujikinga yanatengenezwa hapahapa, hospitali ya KCMC Moshi, yanaitwa Kilisun. Lakini darasani tatizo ni macho. Omba maandishi makubwa kwenye karatasi ya mtihani, na kiti kisichoelekea dirishani. Nimemwona mtu akipoteza dakika arobaini za mtihani akiisogeza karatasi puani, na msimamizi akimtilia shaka kwamba anaangalizia.

Sheria iko upande wako. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, na chuo nacho ni mwajiri. Siku ukiwa na nafasi, muulize afisa utumishi wao wamefika ngapi.

Mimi sina ulemavu, ni CR tu. Kuna ninachoweza kufanya?

Wewe ndiye unayeweza zaidi kuliko Makamu Mkuu wa Chuo, na sitanii.

Angalia madesa, yaani maelezo ya kusomea, yanavyosambazwa. Mtu anapiga picha kurasa thelathini za kitabu, nyingine zimepinda, kidole kimeonekana pembeni, anazirusha kwenye grupu la WhatsApp. Kwa wengi kazi imekwisha. Kwa mwenzenu asiyeona, simu yake inamsomea neno moja tu mara thelathini: picha, picha, picha. Ukizipitisha kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi (zipo za bure kwenye simu) unatumia robo saa. Mimi nilijifunza hili kwa aibu: rafiki yangu alifeli jaribio la kwanza, akaniambia madesa yangu yote yalikuwa "yamenyamaza". Nilikuwa nimejisifu kwa kuyatuma mapema.

Mengine ni madogo hivyohivyo. Kipindi kikihamishwa dakika za mwisho kutoka chumba cha chini kwenda ghorofa ya tatu, kuna mtu hatakuja. Kundi la kazi ya pamoja likipangwa kukutana saa tatu usiku kwenye vimbweta, binti anayekaa mbali na chuo atawekwa jina tu bila kushiriki, au atarudi kwake gizani. Wewe ndiye unayepanga saa na mahali.

Mkopo unatolewa kwa haki?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Yatima, wenye ulemavu na wanaotoka kaya maskini, zikiwemo zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, hupewa uzito. Tatizo ninaloliona mara nyingi liko kwenye karatasi. Cheti cha kifo cha mzazi lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au na mamlaka ya Zanzibar kwa vyeti vya huko. Mtoto ambaye baba alifia kijijini na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo, kwa mfumo ule baba yake bado yu hai. Aliye yatima kwelikweli anakosa kwa sababu umaskini uleule ulimnyima nyaraka. Basi kama una mdogo wako yuko kidato cha tano, shughulikieni vyeti sasa. Msingoje dirisha la maombi lifunguliwe.

Bumu likichelewa, nalo haliumizi wote sawa. Fedha ya chakula na malazi, ambayo tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, ikikawia wiki tatu, mwenye mzazi wa kutuma M-Pesa anaendelea na maisha. Mwingine anaruka milo na kulala kwa kubebana, wawili kitanda kimoja.

Na kumbuka: ni mkopo. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitachekwa?

Pengine utachekwa wiki mbili. Miaka saba ya msingi wengi tulisoma kwa Kiswahili, kisha sekondari tukageuziwa lugha, na shule nyingi za kata hazikuwa na mwalimu wa kutuvusha. Anayekucheka mara nyingi alilipiwa ada ya shule ya Kiingereza tangu chekechea, na lafudhi yake ni risiti ya ada hiyo. Kozi ya stadi za mawasiliano usiidharau, na swali lako uliza hata kama limevunjika.

Kuna upande wa pili. Mhadhiri akiona nyuso zimekauka, anahamia Kiswahili, na darasa linachangamka. Mimi nafurahi. Kisha namwona mwenzetu kutoka Burundi ya ndani au Nigeria ameweka kalamu chini. Mhadhiri mmoja wetu alikuwa na dawa yake: anaeleza kwa Kiswahili, kisha anamchagua mwanafunzi airudie hoja kwa Kiingereza. Wote tulifaidika, na aliyeirudia alifaidika zaidi.

Mtihani umepangwa Jumamosi na mimi ni Msabato. Au Ijumaa mchana na mimi ni Mwislamu.

Ratiba ya mtihani hutoka kwanza kama rasimu. Hapo ndipo pa kusema, kwa maandishi, kupitia CR na serikali ya wanafunzi, na ikiwezekana mkiwa pamoja mkitaja kozi na saa. Ukingoja ratiba ya mwisho umechelewa.

Usitegemee mahakama. Uganda wanafunzi Waadventista wa Makerere walikishtaki chuo kwa vipindi na mitihani ya Jumamosi. Wakashindwa Mahakama ya Katiba mwaka 2003, wakashindwa tena Mahakama ya Juu mwaka 2006. Majaji waliona chuo chenye maelfu ya wanafunzi kina sababu ya kutumia siku zote. Sikubaliani nao sana, lakini ndivyo ilivyo. Swala ya Ijumaa ni nyepesi zaidi kutatuliwa, maana inataka kipindi kisogezwe saa moja na nusu tu.

Mhadhiri ananiambia nikamwone hotelini kuhusu matokeo yangu. Nifanye nini?

Usiende. Na usijilaumu kwa kuitwa.

Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute ujumbe hata mmoja, hata ule uliomjibu kwa heshima. Andika tarehe, saa na maneno. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, kwa sababu ushahidi wa mtu aliyeambiwa mapema una uzito. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Vyuo vingi sasa vina Dawati la Jinsia. Kama huliamini la kwenu, una haki ya kulipita. Na kama tayari amekufelisha, omba karatasi isahihishwe upya na mtu mwingine.

Watu hupenda kusema tatizo ni mavazi ya mabinti. Tatizo ni mhadhiri mmoja kutunga mtihani, kuusahihisha na kukaa na karatasi zake nyumbani. Karatasi ikiwa na namba pasipo jina, na msahihishaji wa pili akiwepo, yule bwana wa hotelini hana tena cha kuuza.

Wanafunzi nao si malaika. Mwaka 1990, Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kuandamwa na wenzake wa kiume waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch, waliokuwa wakibandika ukutani maandishi ya kudhalilisha. Wengi walikuwa wakiyasoma na kucheka. Ukuta ule leo uko kwenye simu, kwenye magrupu ya mwaka wa kwanza yenye orodha za mabinti. Ukiiona orodha hiyo, umekwisha kuwa msomaji wa ukuta. Toka na uripoti.

Ukabila uko vyuoni?

Tanzania hujificha zaidi kwenye utani, na utani nao una siku unapochoma. Kenya walilitungia sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Tume inayosimamia sheria hiyo ilipokagua vyuo vikuu vya umma ilikuta vingi vimevuka, na mara nyingi jamii inayozidi ni ile inayokizunguka chuo. Wenyeji huona chuo ni chao kwa kuwa kimejengwa kwenye ardhi yao. Kwa mlinzi na mpishi hoja hiyo ninaielewa. Kwa profesa, hapana.

Mimi ni mkimbizi. Ninaweza kusoma?

Ndiyo, ingawa mlima ni mkali. Ufadhili wa DAFI, unaosimamiwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Ujerumani hasa, upo tangu 1992. Vyeti vya Congo au Burundi vipeleke NECTA, Baraza la Mitihani, kwa ulinganifu mapema. Na hesabu muda wa kibali cha kutoka kambini kwenye ratiba yako.

Nina mtoto mchanga. Niache chuo?

Usiache, ahirisha. Ukiacha bila barua umejifuta mwenyewe. Ukiahirisha kwa maandishi nafasi yako inakungoja. Ulizia pia mkopo wako utasimamishwaje. Mwaka 2021 serikali iliruhusu hata wasichana wa shule waliojifungua kurudi darasani, kwa hiyo afisa wa chuo anayekutazama kama mhalifu yuko nyuma ya wakati. Chumba cha kunyonyeshea nimekiona kwenye sera nyingi kuliko nilivyokiona kwenye majengo.

Chuo chetu kina sera nzuri kwenye tovuti, ila hakuna kinachofanyika. Tudai vipi?

Msidai ujumuishi, mtajibiwa kwa semina na soda. Daini kitu chenye kipimo: jengo gani, mlango upi, shilingi ngapi, lini. Ulizeni fungu la bajeti la mahitaji maalumu lina kiasi gani na nani anasaini. Barua iwe ya ukurasa mmoja, nakala kwa serikali ya wanafunzi, na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Chuo kimoja ninachokijua walijenga njia ya mteremko kwenye jengo la mihadhara, saruji safi, bomba la kushikilia, na picha zikapigwa siku ya uzinduzi. Juu yake kulikuwa na geti. Geti lilifungwa kwa kufuli ili pikipiki zisipite, na ufunguo alikuwa nao mlinzi, ambaye saa saba alikwenda kula. Kipindi cha mwenzetu wa kiti cha magurudumu kilikuwa saa saba na robo. Aliandika barua yenye sentensi nne, hakutaja haki wala katiba, alitaja kufuli, saa na jina la kozi. Baada ya siku kumi walimpa nakala ya ufunguo. Aliufungia kwenye mnyororo mmoja na ufunguo wa chumba chake, na mpaka anamaliza chuo mlinzi akawa ndiye anayemwomba amfungulie.